Kuanguka kwa Adabu

Kabla ya kufundishwa teke lolote, mgeni wa karate au judo huambiwa avue viatu. Asubuhi ya Nyeri haina huruma na nyayo. Baridi ya Mlima Kenya hukutana na ile ya milima ya Nyandarua, na saruji ya ukumbi ikawa ya kurukiwa mguu mmoja mmoja. Kwenye sherehe za utamaduni, michezo hii inapoonyeshwa, wazee walioketi nyuma huwacheka watoto wanaorukaruka hivyo wakisubiri kufundishwa. Kisha mwalimu huwapanga mstari, wenye mikanda ya juu upande mmoja, wageni upande wa pili, wote wakainama kwa pamoja. Hapo kicheko hukatika. Wazee wameona kitu wanachokijua.

Japani si ngeni sana huku. Iliingia kwa magari ya Kijapani ya Probox yanayobeba kila kitu kutoka Othaya hadi Karatina, na mwaka 2007 Catherine Ndereba, binti wa Gatung'ang'a, alishinda marathoni ya dunia huko Osaka. Ila mtu akisikia karate, hufikiria filamu: mbao zinazopasuliwa na mayowe. Sherehe nazo huchochea dhana hiyo, maana wapiga ngoma wa Chuka, waliobana ngoma ndefu katikati ya mapaja, wakishaondoka uwanjani, nani atatulia kutazama mtu akiinama?

Mimi hutulia. Kwa Wakikuyu wa zamani, nguvu peke yake hazikumfanya kijana kuwa mpiganaji. Alitahiriwa pamoja na wenzake, rika lao likapewa jina, na kupanda katika ngazi za vijana wa vita kulilipiwa mbuzi. Mambo ya vita yaliamuliwa na baraza, njama ya ita. Hata ngao ilikuwa na wakati wake: kabla ya tohara, mvulana alicheza akiwa na ndome, ngao ya mbao inayovaliwa juu ya mkono, yenye nakshi lakini isiyozuia mkuki. Ngoma ya kibaata ilikuwa ya walioshavuka hatua hiyo. Kwa Wameru nako, mtu haamki tu asubuhi moja akajiita mzee wa Njuri Ncheke, baraza lao la wazee.

Kwa hiyo mkanda mweupe wa anayeanza hauhitaji maelezo marefu hapa. Kanō Jigorō alipoanzisha judo mwaka 1882, katika hekalu moja mjini Tokyo, alikuwa na mikeka 12 na wanafunzi wachache tu. Leo watu huuona mkanda mweusi kama mwisho wa safari, kumbe kwa Wajapani ngazi yake ya kwanza humaanisha kwamba sasa umejua misingi na unaweza kuanza kufundishwa.

Na somo la mwanzo la judo ni kuanguka. Kidevu hubanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini, mgongo huviringwa, kisha mkono hupiga godoro kwa nguvu ili kishindo kisambae badala ya kuishia kwenye kiwiko. Mtoto huanguka mara ishirini kabla ya kuruhusiwa kumshika mwenzake kola. Wavulana huchoshwa na zoezi hilo haraka. Wasichana, kwa nilivyoona, huvumilia zaidi, ndiyo maana dakika kumi baadaye wao ndio huwarusha wavulana. Hapo mshereheshaji hutoa ule utani wa Kenya nzima, eti wanawake wa Nyeri huwapiga waume zao. Umati huangua kicheko, ingawa utani wenyewe umechakaa, na sioni kichekesho katika nyumba yenye vipigo, apigwe nani. Binti aliyemwangusha mwenzake humpa mkono, akamwinua, wakainamiana. Mshereheshaji wakati huo keshahamia jambo jingine.

Siku moja mzee mwenye bakora alimsogelea mwalimu baada ya onyesho, akamuuliza mjukuu wake atachukua muda gani kufikia mkanda mweusi. Miaka kadhaa, akajibiwa, tena kwa mtihani kila hatua.

"Na kila hatua ni mbuzi wangapi?"

Mwalimu alicheka, akidhani anataniwa. Mzee hakucheka. Mitihani hiyo ina ada, na ilibidi mwalimu amtajie.

"Basi mtamfundisha vizuri," akasema mzee, akaenda kumtafutia mjukuu viatu vyake.