GARI LA RIMOTI: UKIONA LAKIMBIA, JUA LIMEUNDWA

Mpenzi msomaji, wahenga wetu wa pwani walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Wao walikuwa wakisema juu ya vyombo vya baharini, lakini mimi leo nataka kukutoa majini nikupeleke vumbini. Katika makala haya nitaeleza jinsi ya kulitengeneza gari dogo la rimoti, lile linalosukumwa na magurudumu yote manne, hata liweze kushindana katika ardhi mbaya. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Ah! Mtu mzima wa kidato cha tatu bado achezea vigari!" Ngojeni kwanza. Someni mpaka mwisho, kisha mcheke.

Sisi tuko watano na magari yetu ni matatu: moja la Likoni, moja la Kisauni na moja la Changamwe. Letu la Likoni tulilinunua mimi na jirani yangu katika soko la Kongowea, mtumba, kwa pesa tulizoweka kidogo kidogo kwa muda wa mihula miwili. Halikuwa na betri, na tairi moja ya mbele ilikuwa imepasuka. Kipimo chake ni moja kwa kumi, yaani kila sentimita 10 za gari la kweli huwa sentimita 1 katika letu. Likifa hili hatuna jingine. Basi ilitubidi tulijue kama tunavyojua viganja vya mikono yetu.

Kwanza kabisa, yafaa msomaji afahamu gari hili laenda vipi bila waya. Rimoti hutuma mawimbi ya redio, na ndani ya gari mna kipokezi. Kipokezi hicho hutoa amri mbili: moja kwa mota ndogo ya usukani, nyingine kwa kijisanduku kinachopima umeme wa kwenda kwa mota kubwa. Magari mengi ya zamani yalitumia mawimbi ya megahezi 27. Mawili yakiwa kwenye mkondo mmoja, lako laweza kumtii mwenzako, mfano wa punda mwenye mabwana wawili. Siku hizi rimoti nyingi hutumia gigahezi 2.4, na kila rimoti hujuana na gari lake tu.

Sasa tuingie kwenye gia, maana hapa ndipo vijana wengi wanapopotea. Kila mtu ataka mwendo. Mota yetu ina gia ndogo ya meno 12, nayo yazungusha gia kubwa ya meno 48. Gawanya 48 kwa 12 upate 4. Maana yake ni kwamba mota huzunguka mara 4 ili gia kubwa izunguke mara 1. Mwendo umepungua, lakini nguvu ya kuzungusha imeongezeka. Ukiitoa ile ndogo ukatia ya meno 16, utapata 3. Kwenye barabara iliyonyooka gari litaruka kama swara. Lakini litie kwenye mchanga uone! Mota itajikaza, itakunywa umeme mwingi, na umeme huo utageuka joto. Sisi hupima hivi: baada ya mwendo wa dakika tano, tunaigusa mota kwa kidole. Ikiwa huwezi kuhesabu mpaka tano bila kutoa kidole, punguza meno.

Jambo la pili ni difu. Gari linapokata kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani, na kazi ya difu ni kuyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti. Ila difu ina tabia moja mbaya: nguvu hukimbilia kule kwepesi. Gurudumu moja likipanda jiwe la matumbawe, mwenzake akabaki hewani, yule wa hewani huzunguka bure na huyu wa chini amelala. Dawa yake ni kuitia difu mafuta mazito, ili isiwe rahisi kwa gurudumu moja kukimbia peke yake. Letu lina difu mbili. Ya mbele tumeitia mafuta mazito kidogo na ya nyuma mepesi, na hivyo gari lavutwa kutoka konani bila mkia kuteleza. Ukizidisha uzito mbele, gari litakataa kona na kwenda moja kwa moja kwa watazamaji.

Tatu, miguu yake, yaani tairi, springi na shokomzoba. Kule Kisauni tunashindania kwenye mchanga, na hapo tairi za meno marefu ndizo zinazochimba na kusukuma. Uwanja wa Changamwe mvua ikinyesha huwa ni tope linalonata, mtu hubeba gari mkononi kama mkate uliopakwa siagi. Kwetu Likoni ni mawe na mashimo. Hapa shokomzoba hutakiwa mafuta mepesi, ili gurudumu lifuate kila shimo lisirukeruke. Pakiwa na mruko mkubwa, tia mafuta mazito zaidi, la sivyo tumbo la gari litagonga chini. Tena usisahau kuigandisha tairi kwa gundi kwenye ringi yake, kwani ringi yaweza kuzunguka ndani ya tairi na gari likabaki pale pale.

Nne, betri. Hesabu yake ni rahisi. Betri ya milliampea-saa 2000 ni ampea-saa 2. Gari likila ampea 10 kwa wastani, utagawanya 2 kwa 10, upate saa 0.2, ambayo ni dakika 12. Lakini jamani, betri za lithiamu si za mchezo. Kila seli isipite volti 4.2 ikijaa, wala isishuke chini ya volti 3. Ikivimba, iache. Usiichaji ukaenda kulala, kwa sababu yaweza kushika moto.

Adui wetu wa tano hayumo katika vitabu vya watu wa bara. Huyo ni chumvi. Hewa yetu ya bahari hula chuma. Baada ya kila mashindano tunayafuta magari kwa brashi kavu, tunazitoa beringi na kuzipa tone la mafuta. Beringi ikishika kutu, mota hufanya kazi ya punda.

Likizo iliyopita tulishindana Likoni, mizunguko kumi. Mwenzetu wa Kisauni alikuja na gia ya meno 16. Tulimwambia, "Ndugu yangu, hapa si lami." Akajibu, "Nyinyi ogopeni tu." Kweli alituacha! Mzunguko wa tatu alikuwa mbele yetu karibu nusu uwanja. Mzunguko wa saba tukasikia harufu ya kuungua, na gari lake likasimama katikati ya mawe. Letu likapita pole pole, gurudumu moja likiyumba, likamaliza la kwanza. Hakuna aliyeshangilia sana. Mota ile ilikuwa ni akiba yake ya muhula mzima, naye alikaa chini kimya akiitazama. Siku ya pili tulichanga sote watano tukamnunulia nyingine. Mbio za gari moja si mbio.

Mambo haya hayakuanza na sisi. Tazama Mashindano ya Magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo miaka ya nyuma yalishuka hadi hapa Mombasa. Mkenya Joginder Singh alishinda mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, gari dogo tu. Audi Quattro yenye kusukuma kwa magurudumu manne iliingia katika mashindano ya dunia mwaka 1981 ikatetemesha Ulaya. Lakini Safari haikubabaika. Kutoka mwaka 1984 hadi 1986 ilishindwa na Toyota Celica iliyosukuma kwa magurudumu ya nyuma peke yake, kwa kuwa ilivumilia. Ni mwaka 1987 ndipo gari la magurudumu manne lilipopata ushindi wa kwanza, Audi 200 Quattro ya Hannu Mikkola. Tangu mwaka 2021 Safari imerudi katika mashindano ya dunia, ikikimbiwa sehemu za Naivasha, na bado mawe na vumbi ndivyo waamuzi.

Mamangu aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, kigari hiki kitakulipia karo?" Sikuwa na jibu. Lakini Jumamosi moja nilikuwa gereji kwa ami yangu, ambaye ni makanika Changamwe. Alikuwa amefungua difu ya matatu. Nikainama, nikamwonyesha gia moja moja na kazi yake. Ami akasimamisha spana, akaniuliza, "Haya umesomea wapi, wewe?" Nikamwambia, "Kwa kile kigari, ami." Tangu siku hiyo kila Jumamosi hunipa ovaroli na nauli ya kurudi ng'ambo. Mama hajauliza tena.

Basi walimu wetu watukufu, ombi letu ni dogo: kona moja ya uwanja, saa moja kwa wiki, chini ya Chama cha Sayansi. Na nyinyi wenzangu, wasichana kwa wavulana, mnaolia kwamba nguvu, kani na umeme katika Fizikia ni maneno matupu, njooni mshike gia mikononi. Aliye na kigari kilichokufa kabatini asikitupe. Akilete.

Kwa haya machache natia nanga. Sasa aliyetaka kucheka, acheke.