Mlima Elgon: picha ya setilaiti haitoshi

Mpaka wa Kenya na Uganda hufuata mto Suam, ukakwea Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321, kisha ukateremka na mto Lwakhakha. Udongo wa pande zote mbili ulitokana na volkano ileile, ila sheria zinazousimamia ni mbili. Kenya ilitenga hifadhi ya taifa mwaka 1968, Uganda mwaka 1993.

Anayetaka kujua mlima huu umebadilikaje hukimbilia picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza kupigwa mwaka 1972. Picha hizo huonyesha kilichoifunika ardhi: miti, nyasi, mazao au udongo mtupu. Hazionyeshi ardhi hiyo inatumiwa na nani, wala kwa kazi gani.

Upande wa Kenya, miti ya kupandwa ikikomaa huvunwa, kisha wakulima hugawiwa vipande walime mahindi, viazi na maharage katikati ya miche kwa miaka michache, hadi kivuli cha miti kizuie mazao. Picha ya kipindi hicho itadai msitu umetoweka, ilhali kisheria pale ni msituni. Upande wa Uganda, wilayani Bududa, kahawa hustawi pamoja na migomba chini ya miti ya kivuli. Ukiitazama kutoka angani, waweza kuidhania msitu, kumbe kila shina lina mwenyewe.

Kosa la kusoma picha namna hiyo lina gharama, kwa sababu huficha miteremko iliyo hatarini. Tarehe 1 Machi 2010, maporomoko ya udongo yalikifukia kijiji cha Nametsi huko Bududa. Inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 300 walikufa au hawakuonekana tena. Mwaka 2018 wilaya hiyohiyo ikapata msiba mwingine wa aina hiyo. Miteremko yake ni mikali, na udongo wake wa mfinyanzi ukishiba maji huwa mzito na hupoteza nguvu ya kushikamana. Mizizi mirefu ya miti huushikilia, mizizi ya mahindi haifiki chini kiasi hicho. Na anayechimba mteremko ili apate kiwanja cha nyumba huondoa egemeo la udongo wa juu. Mchimbo mdogo kama huo ni vigumu kuuona katika picha ambayo nukta yake moja ni mita 30 kwa 30.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ramani ya Elgon ichorwe moja kwa mlima mzima, na nchi zote mbili zitumie vigezo vilevile. Wataalamu waizungukie miteremko kwa miguu na kuwauliza wakulima wanalima nini, tangu lini, na kwa haki gani. Mkulima asiye na uhakika wa kubaki shambani hawezi kupanda mti atakaoungoja miaka 20. Mpeni uhakika huo kwanza, kisha mdaini miti.