Inawaka Goma, Inaanguka Minova

Mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na soko la Minova aliniletea kompyuta yake Goma kwa mara ya tatu, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto. Ni karibu kilomita 50 kwa barabara ya kando ya ziwa, na uso wake ulinionyesha kila shimo alilopita.

"Fundi, hapa kwako inawaka siku nzima," alisema. "Nikiifikisha nyumbani, nembo ya Windows inatokea, halafu skrini inageuka bluu. Hii SSD uliyoniwekea ni mbovu. Diski yangu ya zamani haikuwa hivi."

Maneno hayo ya mwisho yalikuwa na jibu ndani yake, ila sikuyasikia. Nilianza kufungua skrini aliyoikinga kwa karatasi zilizoharibika za kibandani mwake, zile wateja walizozikataa. Moja ilikuwa barua ya kuomba kazi. Juu kulia, pale programu inapojiandikia tarehe yenyewe, palisomeka 1 Januari 2011, imekatwa kwa kalamu nyekundu.

Tarehe hiyo ilinikumbusha betri. Kwenye bodi ya kompyuta ya mezani kuna betri bapa mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Kazi yake ni kuitunza saa pale umeme usipokuwepo. Katika bodi za zamani kama ya mama huyu huitunza pia mipangilio: diski ipi ianze, na bodi izungumze nayo kwa namna gani. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, umeme mdogo wa akiba unaibebea betri hiyo mzigo wake. Lakini kwa huyu mama umeme ni sola na inveta, na jioni kila waya unachomolewa. Betri inakesha peke yake. Nilipoipima ilisoma volti 1.8, wakati mpya hupaswa kuwa na 3 au zaidi kidogo.

Betri ikifa, bodi husahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwa mipangilio hiyo, bodi ile hutumia IDE, namna ya kale ya kuzungumza na diski. Diski ya zamani iliwekewa Windows katika hali hiyo hiyo, kwa hiyo bodi iliposahau, wala haikujali. Saa tu ndiyo iliyorudi 2011. SSD niliiwekea Windows kwa AHCI, namna inayoifaa zaidi. Sasa kila bodi iliposahau, Windows iliamka ikiwa na dereva ya AHCI mbele ya bodi iliyorudi IDE. Nembo inatokea kwa sababu hatua za kwanza za kuwaka husomwa kwa msaada wa bodi yenyewe. Windows inapotaka kusoma diski kwa dereva yake, haioni kitu. Ndipo bluu, na kosa la 0x7B, au kwenye matoleo mapya maandishi yanayoanza na INACCESSIBLE.

Na kwa nini Goma iliwaka? Kwa aibu yangu: mimi nina mazoea. Mashine ikigusa meza yangu, kabla ya lolote naingia kwenye mipangilio na kuweka AHCI. Mkono wangu ulikuwa ukiuficha ugonjwa. Safari ya pili hata nilifomati na kuweka Windows upya, kazi ambayo haikuhitajika hata kidogo. Betri mpya na kurudisha mpangilio mmoja vingetosha, na mafaili ya mama yangebaki. Kwa hiyo ukikutana na bluu ya aina hii, tazama saa ya kompyuta kwanza. Ikionyesha mwaka wa zamani, acha kuisingizia diski.

Kuna SSD zinazoumwa kweli, na huku chanzo kikubwa ni umeme kukatika ghafla. Ndani ya SSD hakuna kinachozunguka. Kuna chipu, na orodha inayosema kila kipande cha data kimelala wapi. Orodha hiyo huandikwa upya kila mara. Jenereta ikizimika katikati ya kuandika, orodha inaweza kubaki nusu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzao wa maabara za HP walitangaza matokeo ya kuzikatia umeme SSD 15 zikiwa kazini: 13 zilionyesha hitilafu. Nyingine huwa na kasoro ya kuzaliwa: mwaka 2012 Crucial ilitoa programu ya kurekebisha SSD zake za m4, zilizokuwa zikigoma baada ya saa 5,184 za kazi, yaani siku 216. Anayenunua mtumba akumbuke hilo.

Mwenye kipima volti apime pia waya mwekundu na mweusi wa pawasaplai wakati mashine inawaka. Volti ikishuka chini ya 4.75, hata diski mpya kabisa inaweza kuanguka.

SSD ya SATA ikitoweka kabisa baada ya umeme kukatika, chomoa waya wake wa data, acha wa umeme, washa mashine na usiiguse kwa dakika 20. Zima, chomoa umeme sekunde 30, rudia mara moja. Baadhi hutumia muda huo kuitengeneza orodha yao na kurudi. Wateja wakiniona nimekaa mbele ya skrini isiyo na kitu, nikinywa chai, hudhani nimeshindwa.