Sabuni ya Viumbe Wasioonekana

Ndugu zetu wa Majengo, Embu na Meru, wanaijua vyema harufu ya dizeli iliyoshiba ardhini. Palipo na gereji ya jua kali, udongo huwa mweusi na mgumu, wala nyasi hazioti. Mvua ya masika ikinyesha, mafuta hayo huteremka kuelekea mito kama Rupingazi na Kathita. Hukumu ya kutawadhia maji ya namna hiyo tunawaachia masheikh. Ama madhara yake mwilini hayangojei fatwa.

Wala jambo hili si dogo. Mwezi wa Mei 2015, wakazi wa Thange, Kaunti ya Makueni, waligundua kuwa bomba la Kampuni ya Mabomba ya Kenya, lipitishalo mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi, limevuja. Mto na visima viliharibika, na mashamba yaliyotegemea maji yake yakaathirika. Kuziba bomba ni kazi ya siku chache. Kuutakasa udongo ni kazi ya miaka.

Hata hivyo, Mwenyezi Mungu ameumba ardhini viumbe wadogo mno, bakteria, ambao baadhi yao huyafanya mafuta kuwa chakula. Tatizo lao ni moja: wao huishi majini, na maji na mafuta hayapatani. Kila mama aliyeosha sufuria ya pilau kwa maji matupu analielewa hilo.

Basi baadhi ya bakteria hao hujitengenezea sabuni yao wenyewe, ambayo wataalamu huiita baiosafaktanti. Chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Huyabandua mafuta kwenye udongo na kuyavunja yawe matone madogo sana, bakteria wakapata pa kuyashika. Mashuhuri miongoni mwa sabuni hizo ni ramnolipidi, itolewayo na bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Hupunguza mvutano wa uso wa maji hadi chini ya nusu. Mwisho wa kazi, sehemu kubwa ya mafuta hugeuka hewa ya ukaa na maji, nayo sabuni yenyewe huoza.

Lakini tusidanganyike. Bakteria huyo huyo huweza kuwaambukiza wagonjwa na wenye majeraha, hivyo kumkuza si kazi ya nyumbani. Wataalamu hutumia sabuni iliyokwisha kusafishwa. Oili chafu ya injini nayo hubeba madini kama risasi, ambayo hakuna bakteria awezaye kuyala. Na anayemwaga sabuni ya kufulia juu ya mafuta huenda akayasukuma zaidi kuelekea kisimani.

Yaliyo katika uwezo wetu ni mepesi. Fundi akinge oili kwa karai, aihifadhi katika mtungi wenye kifuniko, na mwagiko aufunike kwa maranda ya mbao. Udongo ulioingia dizeli kidogo na uchanganywe na samadi, ulowanishwe kiasi na kupinduliwa mara kwa mara, mbali na kisima na watoto. Bakteria wake wanahitaji hewa, maji na mbolea, na subira ya miezi.

Maji ya mtoni hayana mwenyewe mmoja. Tunachokimwaga leo gerejini, jirani wa chini atakiteka kesho kwa ndoo yake.