Ripoti ya Ubongo Haisomwi Ndani ya Matatu

Ripoti ya skani ya ubongo huandikwa na daktari kwa ajili ya daktari mwenzake, lakini anayeisoma kwanza ni mgonjwa, akiwa ndani ya matatu ya kurudi Bondo au Homa Bay. Ile ya Homa Bay ikifika Ahero, simu imeshamwambia ana saratani.

Tuseme ripoti inataja doa lenye duara jeupe pembeni, lililojitokeza baada ya kudungwa ile dawa ya kung'arisha picha. Kwa mzee wa London asiye na ugonjwa mwingine, madaktari huliwazia kuwa saratani mapema. Hapa Nyanza, ambako HIV imekita mizizi kuliko sehemu nyingi za Kenya, doa hilo hilo laweza kuwa toksoplasma, kifua kikuu kilichopanda ubongoni, au jipu la usaha. Laweza pia kuwa viluwiluwi vya tegu wa nguruwe, mnyoo ambaye watafiti wamemfuatilia kwa miaka mingi miongoni mwa wafugaji wa Busia. Toksoplasma hutibiwa kwa tembe, na mara nyingi daktari huanza dawa, kisha akarudia skani baada ya wiki mbili hivi aone kama doa linanywea. Kwa hivyo picha peke yake haimalizi kesi. Inataka damu ipimwe na mgonjwa aulizwe maswali.

Na hapo ndipo tunapokosea sana. Fomu ya kuombea skani ina nafasi ya historia ya mgonjwa, na mara nyingi hujazwa maneno mawili tu: maumivu ya kichwa. Mtaalamu wa picha, ambaye huenda hatamwona mgonjwa kamwe, atajuaje kwamba mgonjwa huyo alianguka kutoka kwenye bodaboda wiki tatu zilizopita? Katika picha ya CT, damu mbichi iliyovuja kichwani hung'aa nyeupe. Ikikaa wiki mbili tatu, hufanana rangi na ubongo wenyewe, na jicho lisiloambiwa la kutafuta linaweza kuipita. Daktari akiwa na haraka, andika mwenyewe kwenye kipande cha karatasi: ulianguka lini, dawa unazomeza, dalili zilianza vipi.

Kuna pia yale yanayoonekana bila kutafutwa. Huko Rotterdam, Uholanzi, watu 2,000 walipigwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007: asilimia 7.2 walikuwa na makovu ya kiharusi wasichokijua, na asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio saratani. Vidoa vidogo vyeupe kwa mtu wa miaka 70 mwenye presha ni jambo la kawaida. Huyo apimwe presha kwanza kabla ya kuuza ng'ombe wa nauli ya Nairobi.

Ukitaka maoni ya daktari bingwa wa ubongo, iwe hapa Kisumu katika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wazee bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa na Wasovieti, au Eldoret, au hospitali ya Kenyatta kule Nairobi, usibebe ripoti peke yake. Beba CD au filamu zenyewe, pamoja na skani za zamani. Bingwa makini hutazama picha kwa macho yake. Kagua jina na tarehe pia. Mapema 2018 pale Kenyatta, madaktari walifungua kichwa cha mgonjwa asiyehitaji upasuaji, wakagundua baada ya saa kadhaa kwamba damu waliyoitafuta ilikuwa kwa mwingine.

Wala usione haya kuomba maoni ya pili. Ni haki iliyoandikwa katika mkataba wa haki za wagonjwa wa Kenya wa mwaka 2013, na daktari anayenuna kwa kuombwa hivyo amekupa sababu nzuri ya kuondoka.

Ila maoni ya pili ni ya mwenye nafasi ya kungoja. Mdomo ukipinda ghafla, mkono mmoja ukalegea, au mtu akazirai baada ya kugonga kichwa, mkimbize hospitali ya karibu yenye mashine ya skani. Ikiwa ni kiharusi, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni hutolewa kwa kawaida ndani ya muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, na haitolewi kabla ya skani kuthibitisha kwamba hakuna damu inayovuja.