Doa Dogo la Rangi Laweza Kuila Motokaa

Mkulima apelekaye maziwa kiwandani kila alfajiri, na karani aendaye kazini kwa gari alilolinunua kwa mkopo, wote wawili wana mali moja iliyowagharimu jasho jingi, nayo ni motokaa. Lakini barabara nyingi za mashambani nchini Kenya ni za changarawe, na kila lori litangulialo hurusha vijiwe nyuma yake. Kijiwe kimoja hupiga boneti, rangi hubanduka pahali padogo kama punje ya mtama, na mwenye gari hutazama, huguna, kisha huenda zake. Hapo ndipo hasara ianzapo.

KUTU HUANZAJE

Rangi ya motokaa si tabaka moja. Juu ya bati hupakwa kwanza rangi ya msingi, iitwayo praima, ambayo hushikamana na chuma na kukikinga. Kisha hufuata rangi yenyewe, na mwisho vanishi angavu iletayo mng'aro na kuzuia ukali wa jua. Tabaka hizo zote pamoja zina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani karibu sawa na karatasi ya kuandikia. Zikitoboka, maji na hewa hukifikia chuma, na kutu huzaliwa. Tena kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo huiinua rangi iliyo kando na kuyafungulia maji njia mpya. Mombasa, Malindi na Lamu, ambako upepo hubeba chumvi ya bahari, jambo hilo huenda upesi zaidi.

Habari njema ni kwamba doa dogo laweza kuzibwa nyumbani na mtu asiye fundi, maadamu ana subira.

KUCHAGUA RANGI

Kosa la wengi ni kununua rangi kwa kukisia. Nyeupe ziko nyingi, na hazifanani. Kila gari lina namba ya rangi yake, iliyoandikwa juu ya kibao kidogo ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa mfano, katika magari ya Toyota, 040 ni namba ya nyeupe iliyo ya kawaida sana, na 202 ni ya nyeusi. Mwenye gari na ainakili namba hiyo na kumpa muuza rangi. Kisha, kabla ya kuligusa gari, adondoshe tone juu ya kipande cha bati, alingoje likauke, na kulilinganisha na gari mchana, kwani rangi mbichi na rangi kavu si sawa.

NAMNA YA KUFANYA KAZI

Kazi hii yataka siku kavu, kivulini, na bati lisiwe la moto. Yafaa ifanywe kabla ya mvua za Machi au za Oktoba kuanza. Katika nchi za ukungu, kama Limuru, heri kungoja mpaka unyevu utoweke, maana vanishi ipakwayo hewani penye maji yaweza kugeuka nyeupe kama maziwa.

Kwanza, gari lioshwe kwa sabuni na maji, likauke kabisa. Pahali penye doa pafutwe kwa kitambaa safi kilichotiwa spiriti, ili mafuta na nta viondoke. Petroli isitumiwe, kwa kuwa yaweza kuacha mafuta, na hatari yake ya moto ni kubwa.

Pili, kutu yote iondolewe. Kipande kidogo cha msasa laini kigandishwe kwenye ncha ya penseli, ili kisugue doa tu bila kukwaruza rangi nzima iliyo kando. Rangi iliyolegea nayo itolewe, hata kama doa litaongezeka kidogo. Kupaka rangi juu ya kutu ni kufunika jeraha chafu: nje huonekana pazuri, ndani panaoza.

Tatu, ikiwa chuma chaonekana, ipakwe praima kidogo, nayo iachwe ikauke kwa muda ulioandikwa juu ya kopo.

Nne, rangi itikiswe vizuri, ichotwe kwa kijiti cha meno, na tone liwekwe katikati ya doa. Litasambaa lenyewe hadi kingoni. Tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikikaushwa kabla ya nyingine, zashinda tabaka moja nene, ambayo hukauka juu na kubaki mbichi chini. Mwisho, iwekwe vanishi kwa namna ile ile.

Baada ya siku kadhaa, kinundu kikibaki, chaweza kusawazishwa polepole kwa msasa wa namba 2000 uliolowekwa majini, kisha king'arishwe. Mkono uwe mwepesi, kwani vanishi ya kandokando ni nyembamba na ikiisha hairudi. Nta isipakwe hapo kwa muda wa mwezi mmoja.

Rangi hizi hutoa mvuke wenye madhara. Kazi ifanywe nje, mbali na moto na sigara, na makopo yafichwe mbali na watoto.

MIPAKA YA KAZI HII

Mtu asitarajie doa kutoweka kabisa. Rangi zenye chembe za kumetameta hasa huwa ngumu kulinganishwa, na atazamaye kwa karibu ataliona. Shabaha si urembo, bali ni kukizuia chuma kisiliwe. Lakini ikiwa rangi imevimba kama lengelenge, ujue kwamba kutu imekwisha kuenea chini yake; hapo aitwe fundi mwenye mashine ya kupuliza rangi.

Yafaa pia kuzuia madoa mapya: kutofuata lori kwa karibu, kufunga vizuia matope nyuma ya magurudumu, na kuosha tope chini ya madigadi. Kazi ya kutengeneza doa ni ya saa chache siku ya Jumamosi, na kopo moja dogo la rangi hutosha madoa mengi. Bati lililotoboka lataka kukatwa, kuchomelewa na kupakwa upya, na gharama yake ni nyingine kabisa. Wahenga walikwisha kuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.