Kuomba na kuombaomba: asili ya kitenzi cha Kiingereza 'beg'

Mtoto anapomnyoshea mgeni mkono karibu na chemchemi za maji moto za Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu wilayani Rubavu, Kiingereza hulieleza tendo hilo kwa kitenzi 'beg'. Anayelifasiri kwa Kiswahili hulazimika kuchagua: je, mtoto huyo anaomba, au anaombaomba?

Tofauti si ndogo. Kuomba ni tendo la heshima: watu huomba dua, radhi, ruhusa na kazi. Kitenzi hicho kikirudiwa hudokeza mazoea, na mtendaji huitwa ombaomba. Kinyarwanda nacho hutenganisha. Gusaba ni neno linalotumika hata katika sherehe ya kuomba mchumba. Gusabiriza ni kuishi kwa kuomba.

Kuhusu asili ya 'beg', wanazuoni hawajaafikiana. Baadhi hulihusisha na kitenzi cha Kiingereza cha kale, 'bedecian'. Wengine husema limetokana na jina la Wabegadi, walei wa kiume walioishi katika jumuiya za kidini katika karne ya 13, hasa katika maeneo ambayo leo ni Ubelgiji, nchi iliyoitawala Rwanda hadi mwaka 1962. Baadhi yao waliishi kwa sadaka. Baadaye Mtaguso wa Vienne wa mwaka 1311 hadi 1312 uliwashutumu. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, jina la kundi la watu liligeuka kuwa jina la tendo linalodharauliwa.

Dharau hiyo iliingia pia katika sheria. Mwaka 1824, Uingereza ilipitisha sheria ya uzururaji iliyowaadhibu walioomba barabarani, na mfano wake ukaenea katika makoloni. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria zinazomwadhibu mtu kwa hali yake tu, kama vile kuitwa mzururaji, zinakiuka Mkataba wa Afrika. Iliyataka mataifa yazirekebishe au yazifute.

Kwa hiyo mfasiri, mwandishi wa habari na hata mpita njia wana wajibu wa kupima neno. Mtoto aliyeomba mara moja kwa sababu ya njaa ameomba. Kumwita ombaomba ni kumhukumu kwa maisha yake yote.